Programu ya Windows ikiganda, usikimbilie kupiga Windows upya

Simu huingia saa mbili asubuhi, magari ya kwanza ya mkonge yakiwa yameshajipanga mizani. "Fundi, imeganda tena." Namuuliza karani imeganda vipi, ananijibu, "Imeganda tu baba, njoo uione." Nikifika, mara nyingi nakuta kuna aliyeshashauri Windows ipigwe upya. Windows ikipigwa upya mashine huwa nyepesi wiki moja, kisha programu inaganda palepale ilipokuwa ikiganda. Kosa limo kwenye msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na msimbo uliorudishwa ni uleule.

Kazi yangu hapa Tanga ni kuandika na kutunza programu za Windows: mizani za mashamba ya mkonge, maduka ya dawa ya Ngamiani, wanunuzi wa machungwa huko Muheza. Nimepanga dalili zinazonijia mara kwa mara. Mifano ni ya C# na VB.NET, lugha za kuandikia programu, kwenye Windows Forms, mfumo wa kutengenezea madirisha, kwa kuwa ndizo ninazozikuta kazini. WPF, mfumo mwingine wa madirisha, tabia zake nyingi ni hizohizo, ila si zote, na majina yanabadilika.

Kwanza tuelewane kuhusu uzi. Ukitaja nyuzi hapa kwetu, mtu anafikiria singa za mkonge zinazotoka kwenye mashine ya korona. Uzi wa programu, au thredi, ni mkondo mmoja wa kazi: hatua moja, kisha inayofuata. Programu inaweza kuwa na nyuzi nyingi, ila dirisha lina uzi wake mmoja unaopokea kila kitu kwa foleni: kubofya, kuandika, kuchora upya. Ni karani mmoja wa mizani. Ukimtuma dukani, magari yatangoja getini hata kama mizani ni nzima.

Dirisha limepauka na juu limeandikwa "Not Responding"

Uzi wa dirisha usipochukua ujumbe wowote kwenye foleni yake kwa takriban sekunde 5, Windows hufunika dirisha hilo kwa dirisha bandia lililopauka. Maana yake si kwamba programu imekufa. Maana yake karani hayupo kwenye kiti.

Kabla hujafungua msimbo, fungua Task Manager uangalie kichakataji. Programu ikionyesha sifuri, kuna kitu inakingoja. Ikishika kiini kimoja chote (kompyuta ya viini vinne itaonyesha karibu asilimia 25), basi inafanya kazi kweli au imenasa kwenye kitanzi kisichoisha. Kisha muulize mtumiaji ni kitufe kipi alibofya mwisho. Usimuulize "umefanya nini", maana atakujibu hajafanya kitu.

Sababu ninayoikuta kuliko zote ni kazi nzito iliyoandikwa ndani ya tukio la kitufe: ripoti ya mwezi mzima, au faili linalosomwa kutoka kompyuta ya ofisi ya pili ambayo leo haijawashwa. Hamishia kazi hiyo kwenye `Task.Run`, au tumia `await` pale ambapo maktaba inatoa njia ya async, yaani inayongoja bila kuushikilia uzi. Huu ni ukarabati wa nusu saa.

Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu msimbo unaonekana safi. Mtu ameandika kazi ya async vizuri, halafu kwenye kitufe akaiita kwa `.Result` au `.Wait()`. Uzi wa dirisha unaingoja kazi iishe. Kazi nayo ili imalizie inahitaji kurudi kwenye uzi wa dirisha, ambao umekaa unangoja. Kila mmoja kamshika mwenzake mkono. Kichakataji kitasoma sifuri mpaka jioni. Dawa ni `await` kuanzia chini hadi juu kwenye kitufe, pasibaki hata `.Result` moja njiani. Ukiandika maktaba isiyogusa dirisha, weka `ConfigureAwait(false)`.

Ya tatu ni "dawa" ya fundi aliyetangulia: `Application.DoEvents()` katikati ya kitanzi. Kuganda kunaisha kweli, lakini mlango umeachwa wazi. Mtumiaji anabofya Hifadhi mara ya pili wakati ile ya kwanza haijamaliza. Niliwahi kukuta gari moja limepimwa mara mbili kwa dakika ileile, na ugomvi ukaenda kwa dereva, maskini, ambaye hakuhusika kwa lolote. Ng'oa `DoEvents`, zima kitufe kazi inapoanza, kiwashe inapokwisha.

Ukishindwa kukisia, simamisha programu ndani ya Visual Studio kwa Break All, fungua dirisha la Threads, usome mlolongo wa uzi mkuu. Mstari wa juu ulio wa kwako ndio mshukiwa. Kwa mteja asiye na Visual Studio, bofya programu kwa kitufe cha kulia katika Task Manager na uchukue dampu. Ila dampu ni kumbukumbu yote ya programu kama ilivyo, nywila na majina ya wateja yamo humo. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la mafundi.

Mizani inasoma, programu inaonyesha uongo

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya simu zangu zinatoka hapa.

Anza na vitu vya kushika kwa mkono. Kebo ya siriali imeshika? Ofisi za mizani zilizo karibu na bahari, pini zake hupata kutu ya chumvi usiyoiona mpaka uchomoe. Adapta ya USB imehamishiwa tundu jingine? Basi bandari iliyoitwa COM3 jana, leo huenda ni COM5. Angalia Device Manager. Kasi ya bandari inalingana na ya kisomeo cha mizani? Kimoja kikiwa 9600 na kingine 4800, utaona takataka za herufi badala ya kilo. Ukipata `UnauthorizedAccessException` wakati wa kufungua bandari, kuna programu nyingine imeishika, na mara nyingi ni nakala ya programu yako mwenyewe ya asubuhi ambayo haikufa sawasawa.

Hayo yakiwa sawa, ingia kwenye msimbo. Tukio la `DataReceived` la `SerialPort` haliji kwenye uzi wa dirisha, linakuja kwenye uzi mwingine. Ukiandika uzito moja kwa moja kwenye lebo, unapata `InvalidOperationException` yenye maneno "Cross-thread operation not valid". Kinachowachanganya vijana ni kwamba kosa hilo linatokea kwenye mashine ya mwandishi, kwa mteja halitokei. Sababu ipo: ukaguzi huo, kwa kawaida, huwashwa tu programu inapoendeshwa ndani ya kitatuzi (debugger). Kwako inapiga kelele. Kwa mteja inanyamaza na kuharibu, siku lebo haibadiliki, siku dirisha linajifia. Kuna wanaozima ukaguzi wenyewe kwa `CheckForIllegalCrossThreadCalls = false`. Huko ni kumfunga mbwa mdomo kwa kuwa mwizi anakera.

Njia sahihi ni kuupa uzi wa dirisha ujumbe, uuandike wenyewe:

`lblUzito.BeginInvoke(new Action(() => lblUzito.Text = uzito));`

Dalili ya pili hapohapo: gari la kilo 12,480 linaandikwa kilo 124. Bandari ya siriali haijui sentensi. Tukio linaweza kuja ikiwa "124" imefika na "80" bado iko njiani. Kusanya herufi kwenye akiba yako, usitafsiri kitu mpaka uone alama ya mwisho wa mstari. Ukiweka `Thread.Sleep(100)` ili "zifike zote", umenunua siku chache tu za amani.

Dalili ya tatu: ukifunga dirisha, programu inaganda. `Close()` ya bandari inangoja tukio linaloendelea limalize. Tukio nalo liko ndani ya `Invoke`, linaungoja uzi wa dirisha, ambao uko ndani ya `Close()`. Ndiyo sababu hapo juu nimeandika `BeginInvoke`, ambayo inaacha ujumbe na kuondoka, na si `Invoke`, ambayo inasimama kungoja jibu. Jiondoe pia kwenye tukio kabla ya kufunga bandari.

Ishia hapa: lebo ya programu ikilingana na kioo cha kisomeo, lakini kisomeo chenyewe kinadanganya, hilo si lako. Usifungue kisomeo, usiguse lakiri. Uhakiki wa mizani ya biashara uko chini ya Wakala wa Vipimo, na kuirekebisha ni kazi ya fundi mizani anayetambuliwa. Mwandishi wa programu akikutwa na bisibisi kwenye kisomeo, hana maelezo ya kueleweka.

Ripoti imetoka lakini EXCEL.EXE haiondoki

Programu yako huendesha Excel kwa kificho ili itoe ripoti, na mhasibu analalamika mashine nzito. Unafungua Task Manager unakuta Excel kumi na mbili, zote hazionekani.

Kwanza weka `Visible = true` uendeshe tena. Mara nyingi utaiona Excel imesimama inauliza kama ihifadhi mabadiliko, na hakuna wa kuijibu kwa sababu ulikuwa umeificha. `DisplayAlerts = false` inamaliza hilo. Kama si hilo, angalia `Quit()` iko wapi. Ikiwa mwisho wa msimbo na kosa likatokea katikati, haifikiwi. Iweke kwenye `finally`, sehemu inayofikiwa hata kosa likitokea. La tatu ni marejeo yaliyojificha: ukiandika `excel.Workbooks.Open(...)`, kile kitu cha katikati, `Workbooks`, umekishika bila kukipa jina, na Excel haiondoki wakati imeshikwa.

Watu humwaga `Marshal.ReleaseComObject`, ya kuachia marejeo hayo, kila mstari. Mimi nimeacha. Kazi yote ya Excel naiweka kwenye njia (method) yake peke yake, na njia inayoiita ndiyo inayokusanya takataka za kumbukumbu kwa `GC.Collect()` na `GC.WaitForPendingFinalizers()`, mara mbili. Lazima ziwe njia mbili tofauti, kwa sababu katika muundo wa Debug vigeu huishi mpaka mwisho wa njia vilimotajwa, hivyo ukikusanya takataka ndani yake hutoi kitu.

Usiandike msimbo wa kuua kila EXCEL.EXE. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza, na pamoja na za kwangu nikaua kitabu cha posho za wiki alichokuwa amekifungua mhasibu, hajakihifadhi. Nilikaa naye mpaka usiku tukiandika upya, yeye akisoma na mimi nikipiga.

Na swali ambalo wengi hawajiulizi: unahitaji Excel kweli? Faili la .xlsx ni zip yenye mafaili ya XML ndani. Maktaba kama ClosedXML na Open XML SDK huliandika bila Excel kuwemo kwenye mashine. Kwa ripoti ya kuchapisha, hiyo inamaliza sura nzima hii.

Misimbo ya makosa ya Excel, haraka haraka:

- 0x80010001 na 0x8001010A: Excel ina shughuli. Kuna mtu ameingia kwenye seli anaandika, au kuna kisanduku kimefunguka. Jaribu tena baada ya muda mfupi, au sajili kichujio cha ujumbe (IMessageFilter) kwenye uzi wa STA, yaani uzi unaopokea miito kwa foleni moja.
- 0x800A03EC: Excel imekataa, haisemi kwa nini. Angalia safu namba sifuri (Excel huanza kuhesabu na 1), fomula mbovu, mstari uliopita 65,536 kwenye .xls ya zamani, au jina la laha lenye herufi zaidi ya 31. Ukiipa laha jina la tarehe kama 12/03 umeshakosea, mkwaju hauruhusiwi.
- 0x80040154: Excel haimo kwenye mashine, au programu na sehemu unayoiita zinatofautiana, biti 32 na biti 64.
- 0x800706BA: Excel ilifungwa au ilikufa ukiwa katikati ya kazi.

Kama tatizo ni polepole tu, usiongeze nyuzi. Excel huhudumia miito yako mmoja mmoja, nyuzi kumi zitapanga foleni mlango uleule. Jaza safu ya pande mbili (array) kwenye kumbukumbu, uimwage kwa mara moja kwenye `Value2`. Ripoti iliyokuwa ya dakika inakuwa ya sekunde.

Ishia hapa: mteja akitaka Excel iendeshwe na huduma ya Windows usiku bila mtu kuingia, kataa kwa adabu. Microsoft haiungi mkono matumizi hayo ya Office, na tangu Windows Vista huduma hukaa kwenye kikao chake, ambako kisanduku kikifunguka hakuna jicho litakalokiona.

Roboti inabofya pasipostahili

Hii ni ile programu inayoendesha programu nyingine: inajaza fomu, inabonyeza Enter, inaendelea. Ikiharibika, herufi huangukia kwingine. Niliwahi kuona namba za ankara zimejaa kwenye dirisha la WhatsApp la karani.

Kwa `SendKeys`, amri inayotuma funguo kana kwamba zimepigwa kwenye kibodi, sababu ya kwanza ni hiyo: dirisha jingine limeruka mbele, na funguo humwendea aliye mbele. Ya pili ni muda. `Thread.Sleep(2000)` inatosha asubuhi, saa sita mtandao ukizidiwa haitoshi. Ngoja kitu chenyewe kitokee, usingoje saa. Ya tatu, programu unayoiendesha imefunguliwa kama msimamizi na yako haikufunguliwa hivyo. Windows huzuia wa chini kumtumia wa juu, tena kimyakimya, bila kosa. Ya nne ni kubofya kwa vipimo vya skrini: kwako ukubwa ni asilimia 100, kwa mteja ni 125, kitufe hakipo pale. Ya tano, skrini imefungwa au mtu amejikata kwenye Remote Desktop, na hakuna meza ya kubofyea.

Ponyo la karibu yote ni kuacha `SendKeys` na kutumia UI Automation, inayotafuta kitufe kwa utambulisho wake, `AutomationId`, si kwa mahali kilipo. Tumia Accessibility Insights kuuona. Kama roboti inagusa malipo ya benki au kodi, simama kwanza upate ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo. Kosa la pale halirudishwi kwa Ctrl+Z.

Hitilafu ya waja leo waondoka leo

Inatokea Jumatatu, Jumanne haipo, ukifika na kompyuta yako inatulia kama mgeni mwenye adabu. Hii karibu kila mara ni nyuzi mbili, au mashine mbili, zinazogombea kitu kimoja.

Ninayoikuta zaidi ni risiti mbili zenye namba moja. Msimbo unachukua namba kubwa iliyopo, unaongeza moja, unahifadhi. Makarani wawili wakibofya pamoja, wote wamesoma 418, wote wanaandika 419. Iache hifadhidata itoe namba yenyewe, na uweke sharti la upekee ili kosa likitokea lipige kelele. Ndani ya programu moja ugonjwa ni uleule: `hesabu++` ni hatua tatu, kusoma, kuongeza, kuandika, na uzi mwingine unaweza kujipenyeza katikati. Tumia `Interlocked.Increment`. Orodha inayoguswa na nyuzi mbili ilinde kwa `lock`, au tumia `ConcurrentQueue`. Ukiwa na kufuli mbili, zichukue kwa mpangilio uleule kila mahali, la sivyo umerudi kwenye kushikana mikono.

Angalia pia kipima muda. `System.Timers.Timer` huita kazi yako hata kama ya mwanzo haijaisha, hivyo zinapandana. Tena kwenye .NET Framework inameza makosa bila kusema: kazi imekufa wiki mbili zilizopita na hakuna aliyeambiwa.

Kwenye kitatuzi hitilafu hii hupotea, kwa kuwa kusimamisha kunabadilisha mwendo. Andika logi kwenye faili: saa hadi milisekunde, namba ya uzi, na ulichotaka kufanya. Iache siku tatu.

Mchana vitufe vinapoteza maandishi

Asubuhi safi, alasiri vitufe vyeupe, kisanduku chenye X nyekundu, na ujumbe wa kumbukumbu kuisha wakati nusu ya RAM iko huru. Katika Task Manager, kwenye Details, ongeza safu ya GDI objects. Kikomo cha kawaida ni 10,000 kwa programu moja. Ukiona namba inapanda tu, kuna fonti, kalamu au picha inayoundwa kila dirisha linapochorwa na haitupwi. Weka `using`, ili itupwe mara inapokwisha kutumika.

Kwangu inafanya kazi, kwa mteja haifunguki

Fungua Event Viewer, Windows Logs, Application, utafute chanzo .NET Runtime, namba 1026. Humo mna jina la kosa na mahali pake, na utaokoa safari ya kwenda Kange na kurudi. `BadImageFormatException`: umechanganya biti 32 na 64. `Microsoft.ACE.OLEDB.12.0` haijasajiliwa: injini ya Access haipo, au biti hazilingani na Office iliyopo. Mipangilio "inajirudisha" yenyewe: programu inaandika ndani ya Program Files bila ruhusa, na Windows imeyapeleka maandishi kwenye folda ya VirtualStore ya mtumiaji huyo mmoja. Hamishia faili ProgramData au AppData.

Ukiona 0xc0000005, programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Katika msimbo wa C# mtupu hiyo ni nadra. Tafuta DLL ya printa au ya kamera iliyoandikwa kwa C.

Na ukiwa humohumo Event Viewer, tupia jicho kwenye System. Chanzo kikiwa disk na namba 7, ikijirudia, diski ina sehemu mbovu. Ishia hapa. Usiendeshe ukarabati wa hifadhidata, usipige Windows upya, usiiache iwake ili "tumalize ripoti ya leo". Ukishanakili faili la hifadhidata kwenye diski nyingine, zima mashine. Nakala ikikwama njiani, zima hivyohivyo na umpelekee mtu wa kuokoa data diski yenyewe, ukimwambia mara ya mwisho ilizimika vizuri ni lini na umeme ulikatika mara ngapi wiki hii.